Safu ya mbele msimu huu: karo kwanza, miguu baadaye

Haya wadau, mmeniandama wiki nzima. "Toa safu bro." "Nani anaanza mbele?" "Tisa yupo ama hayupo?" Kuna mmoja ameniandikia saa nane usiku, sijui huyo analala saa ngapi. Safu naitoa leo. Ila ni ndefu, kwa hivyo kama bando lako ni lile la shilingi ishirini, weka simu chini uisome ukifika penye waifai.

Kwa wageni wa ukurasa huu: ninazungumzia timu ya kandanda ya chuo kimoja huku kwetu, kati ya Kilifi na Malindi. Nilisoma pale mwaka mmoja na nusu kabla ya kutoka. Jina la chuo sitaweka, na majina ya wachezaji sitaweka, kwa sababu leo nitataja pesa za watu, na deni la mtu si nguo ya kuanikwa nje kila apitaye aione. Makomredi mtawajua kwa nafasi wanazocheza na kwao wanakotoka. Nyinyi wengine mkishika "winga wa Marafa" na "kumi wa Gede" mtafuata vizuri tu.

Hii kazi ya kutabiri safu niliiga kwa vijana wa Marekani. Wao wana mpira wao wa vyuo, ule wa kofia ngumu na mpira wenye umbo la yai, na ni kitu kikubwa hata ukielezwa huamini. Uwanja wa Chuo Kikuu cha Michigan peke yake unaingiza zaidi ya watu 107,000. Kasarani ikijaa mpaka watu wakae kwenye ngazi, haifiki hapo. Kila Agosti, kabla ya msimu kuanza, vijana wa rika langu wanakaa mbele ya kamera na ubao wanapanga safu ya mashambulizi ya chuo chao: nani atarusha, nani atakimbia na mpira, nani atadaka, na yale majitu matano ya mbele ya kumlinda anayerusha. Nimewatazama mpaka nikajua majina ya watoto wa vyuo ambavyo siwezi kuvionyesha kwenye ramani.

Nao siku hizi wanaanza na pesa. Tangu Julai 2021 mchezaji wa chuo kule anaruhusiwa kulipwa kwa jina na picha yake. Juni 2025 mahakama ikapitisha makubaliano ya vyuo kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kiwango cha juu karibu dola milioni 20.5 kwa chuo kimoja kwa mwaka wa kwanza. Na mchezaji akitaka kuhama anaingiza jina lake kwenye orodha, chuo kingine kinamchukua, msimu unaofuata unamwona na jezi nyingine. Kwa hivyo yule kijana mwenye ubao, kabla hajasema nani ana mbio, anauliza nani amebaki na kwa bei gani.

Mimi pia naanza na pesa. Tofauti ni kwamba kwetu mchezaji ndiye anayelipa.

Wengi mnanibishia kwa sababu mlitazama mechi za mwisho za msimu uliopita mkadhani kikosi kiko pale pale. Hakiko. Ili ucheze mechi za vyuo, hizi za KUSA, lazima uwe mwanafunzi aliyesajiliwa. Kocha anaandika orodha yake, ofisi ya michezo inaoanisha majina na namba za usajili, na jina ambalo potali ya chuo hailioni halipandi basi. Na kwetu ukiwa na deni la semista iliyopita huwezi kusajili yuniti hata moja. Hapo hakuna cha kocha anakupenda, wala ulifunga mangapi.

Ndiyo maana kila mwisho wa likizo sikai tu kutazama klipu. Naenda kwenye kibanda cha viazi karai pale nje ya geti, naagiza viazi vya shilingi hamsini na ukwaju mwingi, nasikiliza. Nani amerudi na begi lake lote na nani amerudi na mkoba mdogo kama mtu aliyekuja kuulizia kitu. Nani amehama hosteli akaenda kulala kwa binamu yake Kibaoni. Basari za kaunti zimetoka ama bado. HELB imeingia ama bado. Hiyo wala huhitaji kuuliza, siku ikiingia kibanda kizima kinaagiza soda.

Halafu kuna madaraja. Waliojiunga kuanzia 2023 waliingia kwenye ule mfumo mpya wa ufadhili wenye madaraja matano. Ulivyopangwa ni kwamba daraja la kwanza linapata asilimia 70 ya karo kama ufadhili, 25 mkopo, na familia inatoa 5. Daraja la tano ufadhili ni 30, mkopo 30, familia 40. Nikishajua mchezaji yuko daraja gani na kwao wanafanya kazi gani, utabiri umeshakaribia nusu. Wachambuzi wa redio hawana habari hizi. Mimi ninazo kwa sababu nakula viazi.

Haya. Tuanze kushoto.

Winga wa kushoto ni yule wa Marafa. Huyu andika kwa wino. Ana basari, na mjomba wake ambaye ni mwalimu amemalizia kilichobaki, kwa hivyo amesafishwa mpaka Desemba. Risiti nimeiona, alinionyesha mwenyewe bila kuulizwa, anacheka kama mtu aliyefunga dakika ya tisini. Amekulia akicheza kwenye ule udongo mwekundu karibu na magenge ya Nyari, mahali ambapo mpira ukikuponyoka unaenda kuuokota bondeni, basi akajifunza kutouachilia. Anatumia mguu wa kulia akiwa kushoto, anaingia ndani, beki wake akifika dakika ya sitini anaomba maji. Krosi zake, jamani tuseme ukweli, ni kama mtu anayeangusha nazi kutoka juu ya mnazi: itashuka, lakini kwa kichwa cha nani hujui. Haidhuru. Kazi yake ni kuwavuta watu upande ule.

Kumi ni wa Gede, na hapa sina mjadala na mtu. Ualimu, mwaka wa tatu, daraja la pili, nyumbani wanatakiwa kutoa asilimia 10. Hiyo kumi anaitoa mwenyewe. Likizo na wikendi anaendesha bodaboda ya mtu, Gede hadi Watamu na kurudi, jioni anapeleka hesabu ya mwenye pikipiki kwanza kisha kinachobaki ndicho chake. Nilimuuliza juzi kama amesajili, akaniambia, "Kaka, mimi nilisajili siku ya kwanza, kabla pesa haijapata miguu." Kwa hivyo yumo. Wasiwasi wangu kwake ni mmoja: mechi nyingi ni Jumamosi, na Jumamosi ndiyo siku ya abiria Watamu. Msimu uliopita kuna mechi alifika na kofia ya pikipiki mkononi, amebeba watu tangu alfajiri, akacheza dakika zote. Ukimtazama vizuri utaona anaangalia bega la kushoto, la kulia, kabla mpira haujamfikia. Nadhani ni barabara imemfundisha. Ukipitia klipu zangu zote za msimu uliopita, bao ambalo halikupita mguuni kwake utalitafuta kwa tochi.

Kulia ndiko kuna pengo, na najua wengi hamjapata habari. Winga wetu wa kulia haendi kucheza. Alienda atachimenti hotelini Watamu, muda ulipoisha wakamwambia abaki, naye ameahirisha masomo mwaka mzima. Nimeona komenti zenu za "arudi bana, timu inamhitaji". Mimi nilimfuata mpaka huko nikakaa naye kwenye mlango wa nyuma wa jikoni akiwa kwenye mapumziko. Akaniambia, "Hapa nalala, nakula, na mwisho wa mwezi napata kitu natuma nyumbani. Nikirudi chuo nitakula nini, jezi?" Sasa mnaomwambia arudi, mpelekeeni na chakula.

Nafasi yake naipa fresha. Ndiyo, fresha, msianze. Ni kijana wa Mambrui, nilimwona Agosti kwenye dimba moja la mwanasiasa, haya mashindano ambayo mshindi anapewa ng'ombe na seti ya jezi zenye sura ya mheshimiwa kifuani. Mguu wa kushoto, anacheza kulia, na ana tabia ya kusimama na mpira kabisa, amesimama tuli, beki naye anasimama, halafu anaondoka. Nina klipu yake ya sekunde kumi na moja ambayo nimeitazama mara nyingi kuliko video zangu mwenyewe. Yuko daraja la kwanza, asilimia 5 ya nyumbani ilishalipwa, amesajili. Kocha wetu hapendi fresha, kila mtu anajua, anasema mwaka wa kwanza ni wa kubeba mipira. Lakini kocha hana mwingine upande ule, na mwaka huu atampenda kwa lazima.

Kuna jambo lingine la upande wa kulia ambalo wasiocheza pale hawalijui. Uwanja wetu umelala karibu kusini kwenda kaskazini, na ule ukingo wa kulia, ukiwa unashambulia kaskazini, una mchanga. Si mchanga wa utani, ni wa kuzamisha kifundo. Winga wa uwanja wa nyasi akifika pale anakuwa kama anakimbia ndotoni. Huyu wa Mambrui amejifunza mpira ufukweni. Kwake ule mchanga ni nyumbani.

Na maadamu tumefika kwenye uwanja, tuongee upepo, kwa sababu ndio unaoamua unahitaji straika wa aina gani. Septemba kusi bado inavuma, na alasiri ndiyo inazidi. Tukicheza nayo mgongoni, kipa wetu akipiga mpira mrefu unafika kwenye boksi la wenzetu, kazi ni kukimbia tu. Kipindi cha pili mambo yanageuka. Unapiga mpira mbele, upepo unaurudisha katikati kama unakuuliza umesahau nini. Kipindi hicho pasi ndefu hazifai, mbio hazifai, unataka mtu mmoja mkubwa pale mbele ambaye utampa mpira wa chini, ataushika na mgongo wake, atangoja kumi na mawinga wafike. Ukimkosa huyo mtu, unakaa kwenye nusu yako dakika arobaini na tano unaomba Mungu. Baadaye kuanzia Novemba kaskazi inaanza kuingia na hesabu zinageuka, lakini kufikia wakati huo mechi muhimu za mwanzo zimeshachezwa. Timu za kutoka bara zikija huku huwa zinashangaa, na mimi huwa nashangaa kwamba zinashangaa.

Huyo mtu mkubwa tunaye. Anatoka Ngomeni. Na hapa ndipo mmekuwa mkiniuliza wiki nzima.

Tisa wa Ngomeni msimu uliopita alifunga mabao 11, nimehesabu mwenyewe kwenye klipu, pamoja na lile la mgongo ambalo bado anabisha kwamba alikusudia. Ukimwona nje ya uwanja ni mpole, anasalimia mpaka paka. Uwanjani anakaa na mabeki wawili mgongoni kama mtu aliyebeba magunia. Na kweli magunia anayabeba: likizo yote alikuwa Gongoni akipakia chumvi kwenye malori, kibarua cha siku kwa siku. Mgongo ule haukutoka kwenye jimu.

Deni lake la semista iliyopita ni shilingi 31,400. Kwenye chumvi aliweka akiba 11,000. Mama yake ameuza mbuzi 6,000. Makomredi wamechanga 5,200 mpaka jana usiku. Fanyeni hesabu: imebaki 9,200. Potali inafungwa Ijumaa.

Naweka namba hizi kwa ruhusa yake, na nitaeleza ruhusa hiyo ilivyopatikana, kwa sababu safu hii ilikaa kwenye simu yangu siku nne bila kuposti na sababu ni yeye.

Kwanza nieleze kwa nini hili linanigusa, kwa wale mnaonijua kwa klipu za vichekesho tu. Mimi nilitoka chuo katikati ya mwaka wa pili. Mwaka ule injini ya mashua ya baba ilikufa, na dada yangu mdogo alikuwa anaingia kidato cha kwanza. Pesa iliyokuwepo ilitosha mtu mmoja. Akaenda dada, na leo yuko shuleni, na siku akimaliza nitachinja kuku. Kwenye timu nilikuwa winga wa kulia wa akiba, kwa hivyo msinitafute kwenye picha za mechi. Lakini jina langu lilikuwa kwenye orodha. Alhamisi moja orodha ya safari ikabandikwa ubaoni, nikalikuta jina limepigwa mstari kwa kalamu ya bluu, mstari mmoja mnyoofu kama umepigwa na rula. Hakuna aliyenikosea. Aliyepiga mstari alikuwa anafanya kazi yake. Wenzangu walipanda basi wakaniaga kwa dirisha, nami nikaenda kununua bando nikaanza ukurasa huu, kwa kusema nani atafunga katika mechi hiyo hiyo.

Sasa ninapokaa kuandika "tisa yumo" au "tisa hayumo", naandika nikijua mstari ule ulivyo.

Jumapili nilienda Ngomeni kwa matatu mpaka Gongoni halafu pikipiki. Nilimkuta mama yake anakwangua samaki uani. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, wewe ndiye yule wa simu?" Nikasema ndiye. Akanikaribisha kwenye mkeka, akanipa sima na papa wa kukaanga, na tulipokula tukala, hakutaja karo hata mara moja mpaka naosha mikono. Ndipo akaniuliza, "Mwanangu, hivi ukiandika kwamba atacheza, wale wa chuo si watasoma?" Yaani mama wa watu anadhani chuo kinaangalia ukurasa wangu kabla ya kufungua potali. Nikamwambia, mama, hawasomi. Akasema, "Andika tu."

Jumatatu kocha akanipigia. Kocha huwa hanipigii, huwa ananitumia emoji ya kidole gumba basi. Akasema, "Kijana wangu, wewe una watu wengi huko. Ukimwandika yumo, watu watalala, hawatachanga tena. Ukimwandika hayumo, atalala yeye." Nikamuuliza, sasa niandike nini kochi? Akasema, "Mimi ni wa mpira, maneno ni yako," akakata.

Nilikaa na hilo. Hao vijana wa Marekani wenye ubao, wakisema fulani ataanza, hakuna kinachobadilika. Chuo kina mamilioni yake, mchezaji ana wakili wake. Mimi nina watu elfu nne na kitu, lakini katika hao elfu nne mna makomredi, mna waliomaliza na wana kazi Mombasa na Nairobi, mna watatu wako Doha na mmoja Muscat. Nikiandika jina lake kwa wino kama nilivyomwandika wa Marafa, aliye Doha atasema alhamdulillahi mambo yamekaa sawa, ataendelea na siku yake. Kuna mtu pia ameniingia faragha akitaka nimwambie ukweli wa tisa mapema kabla sijaposti, kwa sababu wameweka dau huko kwao. Huyo nimemzuia. Deni la karo la mtoto wa watu halitakuwa kamari mkononi mwangu.

Kabla sijafika mwisho, niwajibu wanaosema "hata bila tisa tuko sawa". Mnaweza kutupanga bila yeye? Mnaweza. Kumi wa Gede anasogea mbele anakuwa tisa wa uongo, yule wa Marafa na fresha wanaingia ndani, kiungo mmoja anapanda. Kipindi cha kwanza na kusi mgongoni tutapendeza. Kipindi cha pili nimeshaeleza. Na msinitajie Harambee Stars ya CHAN ya Agosti 2025 kwamba ilifunga manne tu kwenye kundi na bado ikaongoza. Kweli iliongoza kwa alama 10. Iliishinda DR Congo 1-0, sare 1-1 na Angola, ikaishinda Morocco 1-0 na Zambia 1-0. Lakini mabao yale manne yalifungwa na watu wawili, Austin Odhiambo mawili na Ryan Ogam mawili. Hukuhitaji watu wengi, ulihitaji hao wawili wawe uwanjani. Kisha Ogam akaenda zake Austria, Wolfsberger, na ni haki yake. Ulaya ikimchukua straika wako unamwaga machozi ya furaha. Straika wako akichukuliwa na shilingi 9,200, hayo machozi ni ya namna gani?

Wengine mnasema mchezaji wa kweli atatokea tu, chuo si lazima, mwangalie Olunga. Sawa, tumwangalie. Michael Olunga alipokuwa anacheza ligi ya Kenya alikuwa pia mwanafunzi wa uhandisi pale Technical University of Kenya. Alipitia Tusker na Thika United, mwaka 2015 akaifungia Gor Mahia mabao 19, mwaka ambao Gor ilimaliza ligi bila kufungwa. Baadaye ndiyo Sweden, ndiyo zile tatu za Girona dhidi ya Las Palmas Januari 2018, ndiyo mabao manane katika mechi moja na Kashiwa Reysol, na 28 ya mwaka 2020 yaliyompa tuzo ya mchezaji bora wa ligi ya Japani. Mnamtaja kama mfano wa kuacha shule, na wakati huo jamaa alikuwa na daftari. Mimi niliyeacha nawaambia hivyo.

Kwa timu ya akina dada nitatoa safu yao wiki ijayo, na itakuwa rahisi kidogo kuiandika upande wa mpira, kwa sababu Kilifi kuna Moving the Goalposts tangu 2001 na wengi wanafika chuoni wakiwa wameshacheza ligi miaka. Upande wa karo ni yale yale.

Basi Jumanne usiku nikampigia tisa. Nilimweleza alichosema kocha, neno kwa neno. Akanyamaza, nikasikia upepo wa Ngomeni kwenye simu. Nikamwambia, bro, naweza kukuacha nje kabisa ya hii posti, niseme tu nafasi ya mbele bado. Akasema, "Usinitoe. Ukinitoa wewe nitakuwa nimetoka kweli." Nikamuuliza, sasa nikuweke vipi? Akafikiria. "Niweke na deni langu. Wote waone. Mimi siibi, nabeba chumvi."

Safu yangu ya mbele kwa msimu huu, mfumo 4-2-3-1: kushoto wa Marafa, katikati kumi wa Gede, kulia fresha wa Mambrui, mbele kabisa tisa wa Ngomeni na shilingi 9,200 mgongoni. Akiba wa kwanza ni yule beki wa pembeni wa Bamba ambaye kocha amekuwa akimjaribu mbele. Amelipa, ila hajawahi kufunga hata kwenye mazoezi.

Potali inafungwa Ijumaa saa kumi na moja jioni. Namba ya kuchangia iko kwenye kundi la makomredi, mwombeni mweka hazina. Msinitumie mimi, na ukishatuma weka komenti hapa chini "nimebeba gunia" ili mweka hazina aoanishe.